Damu Isiyoganda Upesi: Mambo ya Kumweleza Mkunga Mapema

Kwa kawaida, mtu akijeruhiwa damu huganda na kuziba jeraha. Wapo wanawake wachache ambao damu yao huchelewa kuganda kwa sababu ya kasoro ya kurithi, kama vile ugonjwa wa von Willebrand au hemofilia. Baadhi yao hawaitambui hali hiyo hadi wanapojifungua. Kwa hiyo, maelezo unayoyatoa kliniki mapema ni kinga yako na ya mwanao.

Katika hudhurio la kwanza, mweleze mkunga iwapo:

• hedhi yako ilikuwa nzito au ilidumu zaidi ya siku 7;
• ulitokwa na damu kwa muda mrefu baada ya kung'olewa jino, kupasuliwa au kujifungua;
• kaka yako, mjomba wako au mwanao alivuja damu kupita kiasi alipotahiriwa.

Jambo hili la mwisho lisipuuzwe. Mama aliyebeba hemofilia aweza kuonekana mzima kabisa, ilhali kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuurithi ugonjwa huo.

Mkunga akijua, huduma hubadilika. Utapimwa damu na kupewa rufaa kwenda hospitali yenye wataalamu na dawa zinazofaa. Wakati wa kuzaa, wahudumu huepuka kumvuta mtoto kwa koleo au kifaa cha mnyonyo, kwa kuwa vyaweza kumvujisha damu kichwani. Mtoto wa kiume hupimwa damu ya kitovu, na tohara husubiri majibu. Vitamini K, ambayo kila mtoto mchanga huihitaji, yaweza kutolewa kwa mdomo badala ya sindano.

Hatari haiishi siku ya kujifungua. Viini vya kugandisha damu vilivyoongezeka wakati wa ujauzito hushuka baadaye, na damu yaweza kutoka kwa wingi ukiwa umekwisha kurudi nyumbani. Usimeze aspirini wala ibuprofeni bila ushauri wa daktari.

Nenda hospitali mara moja ikiwa pedi inalowa kabisa ndani ya saa 1. Au ikiwa mtoto anavuja damu kitovuni, ana uvimbe kichwani, amelegea, anakataa kunyonya au anapata degedege.

Ni haki yako kuelezwa majibu ya vipimo kwa lugha unayoielewa. Omba yaandikwe katika kadi yako ya kliniki, na uibebe kadi hiyo kila uendapo kutibiwa.