Kabla Hujamkagua Kijana wa Duka, Jikague Mwenyewe: Somo la Nehemia kwa Sisi Wenye Maduka

 

Leo naomba tukae kwenye jambo ambalo huwa tunalipita haraka: kujiongoza mwenyewe. Tunapenda kusikia mbinu za kupata wateja, mtaji na mzigo wa bei nafuu. Zote nzuri. Lakini dukani kwako bosi ni wewe, na bosi hana mtu wa kumuuliza jioni, "Ile elfu tano imeenda wapi?" Kijana wako akichukua elfu moja unamfukuza. Wewe ukichukua elfu kumi unasema ni hela yako.

Mimi niliishia kidato cha nne. Biashara nimejifunzia dukani, kwenye daftari na kwa kuuliza waliotangulia. Nina duka la mahitaji ya nyumbani, nina kijana mmoja ninayemlipa, na kwenye kikoba chetu mimi ni mmoja wa washika funguo. Sio uongozi wa kuitwa mheshimiwa, lakini kuna watu wanaoumia nikiyumba. Mimi ni Mkristo, kwa hiyo mfano wa leo nautoa kwenye Biblia, kitabu cha Nehemia. Kama imani yako ni nyingine, karibu tu, maana hesabu za droo ni zile zile.

NEHEMIA NI NANI?

Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta wa Uajemi, nchi ambayo leo ni Iran. Kazi nzuri, ya ikulu. Akasikia kwamba Yerusalemu, mji wa baba zake, ukuta umebomoka na malango yamechomwa moto. Akaomba ruhusa, akaenda, na ukuta ukajengwa kwa siku 52. Hiyo ni kama mwaka 445 kabla ya Kristo.

Makanisani tunahubiriwa sana hizo siku 52. Mimi leo nakupeleka sura ya 5, ambayo mfanyabiashara anatakiwa aisome taratibu. Mle ndani kuna mikopo, riba, rehani na posho ya bosi.

Watu wa Yerusalemu walikuwa na njaa. Walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka. Wengine walikopa kulipa kodi ya mfalme, na watoto wao wakawa wanachukuliwa utumwani kwa ajili ya madeni. Waliokuwa wanawakopesha ni ndugu zao wenyewe. Ukisoma pale unaona kabisa hii ni kausha damu ya zamani.

Nehemia akawaita wakubwa, akawaambia warudishe mashamba na waache riba. Angalia hapa: alisema hata yeye na ndugu zake walikuwa wanawakopesha watu fedha na nafaka. Alijiweka ndani ya ile hesabu, hakusimama pembeni akinyoosha kidole. Wakakubali.

Halafu ndipo anaeleza habari za droo yake mwenyewe. Tuingie sasa kwenye masomo manne.

1. JIKAGUE USIKU, KABLA HUJAONGEA NA WATU

Nehemia alipofika Yerusalemu hakuitisha mkutano siku ya kwanza. Alikaa siku tatu, kisha akaamka usiku na watu wachache, na mnyama mmoja tu, yule aliyempanda. Akazunguka kuangalia ukuta ulipobomoka. Hakumwambia mtu. Baada ya kuona kwa macho yake ndipo akazungumza na viongozi.

Wengi wetu tunaanza na kelele. Hesabu ikipungua tunamgeukia kijana: "Umeiba!" Kumbe mchana ulitoa elfu nane ukamlipa boda na ukanunua vocha, na hukuandika.

Fanya hivi. Ukishafunga mlango, kabla hujaondoka, tenga dakika kumi. Chukua daftari lako binafsi, tofauti na la mauzo, ujibu maswali matatu:

Moja, leo nimechukua nini dukani, iwe hela au bidhaa?
Mbili, leo nimemjibu nani vibaya?
Tatu, leo nimeahidi nini ambacho sijatimiza?

Swali la tatu linauma zaidi. Yule mama uliyemwambia unga utakuja Jumanne, ulikuja? Jumla uliyemuahidi hela yake Ijumaa, umempigia simu au umezima? Usiku ule hakuna mteja anayekutazama, kwa hiyo hakuna sababu ya kujidanganya. Mimi nikimaliza naomba Mungu hapo hapo, kwa majina ya watu na kwa kiasi cha hela. Sala ya "Bwana nibariki" haikutosha kwangu. Nikitaja deni kwa jina, kesho asubuhi nakumbuka kulipunguza.

2. CHEO KINAKUPA HAKI, LAKINI SIO KILA HAKI UITUMIE

Nehemia alikuwa liwali, kiongozi mkuu wa eneo lile, kwa miaka 12. Liwali alikuwa na haki ya posho ya chakula. Waliomtangulia waliwatoza watu mkate, divai na shekeli 40 za fedha, na hata watumishi wao waliwatesa wananchi. Yeye posho ile hakuidai. Na mezani kwake walikuwa wanakula watu 150, kila siku ng'ombe mmoja na kondoo sita wazuri, na ndege juu yake. Yaani gharama alikuwa nazo. Sababu mbili anazitaja: alimcha Mungu, na watu wale walikuwa wameshalemewa.

Sasa tuje kwenye droo. Tuchukue mfano tu. Unachukua 3,000 ya chakula, 1,000 ya vocha, 2,000 ya boda. Jumla 6,000 kwa siku. Ukifungua siku 26 kwa mwezi, hiyo ni 156,000. Na kama kwenye kilo ya sukari unabakiwa na faida ya 200, basi ile 6,000 ni faida ya kilo 30. Kila siku unapima kilo 30 za sukari, unafunga, unarudisha chenji, na faida yote inapita tumboni na kwenye boda. Halafu mwisho wa mwezi unasema biashara ina chuma ulete.

Sisemi ulale njaa. Biblia yenyewe inakubali kwamba anayefanya kazi alipwe. Ninachosema ni kwamba ulipwe, usichukue. Mimi nimejipangia mshahara. Naulipa Jumamosi jioni, naandika, nasaini, kama kijana wangu anavyosaini wa kwake. Nikinywa soda ya dukani naweka hela kwenye droo kama mteja.

Januari unajua inavyokuwa, watu wametoka kulipa ada na duka linapoa. Januari iliyopita hela haikutosha mishahara miwili. Nikamlipa kijana wote, mimi nikachukua nusu, na nikaandika kwamba ni nusu. Sikufurahi, nisikudanganye. Mwezi ule dagaa nilizijua vizuri. Lakini yeye ana mama anayemtumia hela kijijini, na hakuwa na nafasi ya kuchagua. Mimi nilikuwa nayo.

Wiki mbili baadaye nikafungua daftari la duka nikakuta mwandiko wake: "Biskuti 1, nimekula mimi." Sikuwahi kumwambia aandike.

3. OMBA KABLA YA KUJIBU

Mfalme alipomuuliza Nehemia anataka nini, kabla ya kujibu aliomba kwanza kwa Mungu. Pale pale, mfalme anasubiri. Haikuwa sala ndefu, isingewezekana. Lakini kumbuka kwamba tangu apate habari za Yerusalemu mpaka siku ile ilikuwa imepita kama miezi minne, na alikuwa ameshafunga na kulia na kuomba. Sala fupi ya mchana ilisimama juu ya sala ndefu za nyuma.

Hapa dukani hii ni silaha. Mteja anarudisha mchele uliofunguliwa anasema una mawe. Mdai anakuja mbele ya wateja. Jirani mwenye duka anashusha bei ya mafuta makusudi. Ukijibu kwa hasira ya dakika moja unaweza kupoteza mteja wa miaka mitatu.

Mimi nimejiwekea utaratibu: nikisikia kichwa kinapata moto, nageuka kupanga kitu kwenye rafu. Pumzi mbili, "Bwana nisaidie," ndipo najibu. Mteja anadhani natafuta bidhaa. Kumbe natafuta ulimi wangu.

4. JIFUNGIE MLANGO KABLA MAJARIBU HAYAJAJA

Kuna mtu mwingine wa kipindi kile kile, Ezra. Alipokuwa anasafirisha fedha na dhahabu kwenda Yerusalemu kwa ajili ya hekalu, hakusema "sisi ni watumishi wa Mungu, tunaaminiana". Aliwachagua viongozi 12 wa makuhani, akawapimia fedha, dhahabu na vyombo, na walipofika vikapimwa tena, vyote kwa hesabu na uzito, na uzito ukaandikwa. Paulo naye alipokuwa anashughulikia mchango wa makanisa hakwenda peke yake, waliwekwa na watu wengine ili mtu asije akawalaumu. Utaikuta kwenye Wakorintho wa pili, sura ya 8.

Hao walikuwa watu wa Mungu, na bado walipima na kuandika. Wewe na mimi ni nani tuseme "mimi najiamini"?

Kikoba chetu kina sanduku lenye kufuli tatu na washika funguo watatu tofauti. Sanduku linakaa kwa mweka hazina, ambaye hana ufunguo hata mmoja. Linafunguliwa mkutanoni tu, mbele ya wote.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, mwanachama mmoja alinifuata dukani. Ni mzee ninayemheshimu. Yeye ndiye aliyenidhamini nikapata fremu hii, wakati mwenye nyumba alikuwa hataki kumpangisha kijana. Nikamwamkia, akakaa, akasema, "Mwanangu, kuna mzigo wa bei nzuri, unaondoka kesho. Nipe ufunguo wako, wale wengine wawili nitaongea nao mimi. Ijumaa narudisha, Jumamosi tunakutana, hakuna atakayejua."

Nadhani kweli angerudisha. Nikamwambia, "Baba, tuite mkutano wa dharura leo jioni. Uombe mkopo, mimi nitakuwa wa kwanza kukuunga mkono." Hakutaka. Akasema amenilea vibaya, akaondoka.

Ndani ya sanduku lile kulikuwa na ada za Januari za watoto wa akina mama kama kumi. Kuna mmoja anauza maandazi, hisa zake anazileta kwa sarafu. Lakini na huyu mzee nina deni naye ambalo haliandikwi kwenye daftari. Mpaka leo salamu zetu ni fupi, na mahitaji yake ananunua duka la pili. Mgao ulitoka kamili, kila mtu akasaini. Hakuna aliyejua, na mimi sikumtangaza.

Nakueleza hili ili usije ukadhani kujiongoza ni jambo la kupigiwa makofi. Wakati mwingine utamuudhi mtu unayempenda. Na kilichonisaidia siku ile haukuwa ujasiri wangu. Ni kwamba utaratibu ulikuwepo kabla yake, kwa hiyo sikulazimika kubuni jibu huku namtazama usoni.

KUKUA NI KAZI YA KILA WIKI

Kanisani kwetu vijana tunapenda kutajiwa Timotheo, kwamba asidharauliwe kwa ujana wake. Tunasahau alivyoagizwa hapo hapo: awe mfano kwa maneno na mwenendo, na akazane na kusoma. Barua ile ile inauliza kwamba asiyeweza kuisimamia nyumba yake ataliangaliaje kanisa. Mimi naisoma kidukani: asiyeweza kuisimamia droo yake, atasimamiaje tawi la pili?

Kwa hiyo wiki hii fanya mambo haya manne tu:

Jumatatu, nunua daftari dogo la maswali matatu. Litumie kila usiku.
Jumanne, jipangie mshahara unaolingana na faida, sio na mauzo. Uandike ukutani kwa ndani.
Jumatano, tafuta mtu mmoja anayekuzidi umri na imani, mpe ruhusa ya kukuuliza habari za hela zako mara moja kwa mwezi. Umwonyeshe daftari kweli.
Alhamisi, kama unashika pesa za kikundi, za kanisa au za msiba, hakikisha kuna mtu wa pili anayehesabu na wewe, na kuna karatasi.

Ijumaa na Jumamosi endelea na biashara. Jumapili funga, au kama siku yako ya kupumzika ni nyingine, ipumzike hiyo. Mtu aliyechoka sana anajibu vibaya na anakosea chenji.

Ukianza leo usiku, utaona hesabu ya wiki ijayo inavyotofautiana na ya wiki hii. Kama umesoma mpaka hapa, mtumie na mwenzako mwenye duka. Mungu akubariki, mauzo mema.