Siku Moja Madurai

Swali: Nampeleka mama Madurai, India ya Kusini, kutibiwa macho. Daktari akituruhusu, tutakuwa na siku moja ya kutembea. Twende wapi?

Jibu: Anzeni na hekalu la Meenakshi, tena asubuhi na mapema, kabla sakafu ya mawe haijaanza kuunguza nyayo, maana viatu huachwa nje. Simu pia. Funikeni mabega na miguu. Kanga ya mama inatosha kabisa. Wasio Wahindu hawaingii vyumba vitakatifu vya ndani, lakini kumbi za nguzo zilizochongwa zinatosha kuwashangaza. Minara 14 iliyojaa sanamu za rangi itazameni kutoka nje. Ule wa kusini unazidi mita 50. Mama avae miwani ya jua.

Mchana hekalu hufungwa. Nendeni kasri la Tirumalai Nayak, la mwaka 1636, au makumbusho ya Gandhi, aliyeanza kuvaa shuka kama wakulima maskini katika mji huuhuu, mwaka 1921.

Usiku rudini hekaluni. Mungu Sundareswarar hubebwa kwa machela hadi chumbani kwa mkewe Meenakshi, kwa ngoma na zumari. Mkichoka, acheni kasri, lakini hili msilikose.