Kila Mtoto na Mchezo Wake: Kusoma na Kuhesabu Darasa la Kwanza na la Pili

Kijitabu hiki ni cha walimu wa madarasa ya mwanzo, wazazi na walezi.

Kwa nini michezo?

Watoto wa darasa moja hawalingani. Yupo anayesoma hadithi fupi, na yupo anayechanganya *b* na *d*. Somo likiwa moja kwa wote, wa kwanza atachoka na wa pili ataachwa nyuma. Mchezo humpa kila mmoja zoezi la kiwango chake, na humwezesha kurudia jambo lile lile mara nyingi bila kuchoshwa. Lakini mchezo usiolenga pale mtoto alipokwama humfurahisha tu, haumfundishi.

Hatua ya kwanza: mpime

Mwite mtoto mmoja mmoja, pembeni, asichekwe na wenzake. Mwonyeshe herufi, kisha silabi, neno, sentensi na aya fupi. Acha pale anaposhindwa: hapo ndipo pa kuanzia. Kwa hesabu, anza na namba 1 hadi 9, kisha 10 hadi 99, halafu kujumlisha na kutoa. Andika matokeo daftarini.

Usichanganye vipimo hivi viwili. Mtoto anayesoma vizuri aweza kuwa dhaifu katika kutoa, kwa hiyo kundi lake la kusoma si lazima liwe kundi lake la hesabu.

Michezo ya kusoma

*Nyakua silabi.* Kata kadi kutoka kwenye maboksi, uandike ba, be, bi, bo, bu. Tamka silabi moja. Watoto washindane kuinyakua. Kwa anayechanganya *b* na *d*, weka kadi za ba na da tu mpaka azitofautishe bila kusita.

*Unda neno.* Mpe mtoto kadi za ka, ta, ma na ba. Aunde kata, taka, bata, kama. Akizoea, mwombe neno la silabi tatu: kamata.

*Soma utende.* Andika maagizo kwenye kadi: "Ruka mara tatu", "Fungua mlango taratibu". Mtoto asome kimya, kisha atende. Akiruka mara mbili badala ya tatu, utajua kuwa ametambua baadhi ya maneno lakini hajaipata maana yote.

Michezo ya kuhesabu

*Vizibo vilivyofichwa.* Hesabuni pamoja vizibo vitano vya soda. Funika baadhi kwa kikombe, uulize: "Vingapi vimefichwa?" Akijibu bila kuhesabu vidole, ongeza viwe kumi, kisha ishirini.

*Funga kumi.* Watoto warushe dadu kwa zamu na kuchukua vijiti kulingana na namba iliyotokea. Vikifika kumi, vifungwe fungu. Wa kwanza kupata mafungu matano ameshinda. Kwa anayesumbuliwa na kutoa, geuza mchezo: aanze na mafungu matano, arudishe vijiti kila anaporusha. Atalazimika kufungua fungu ili apate mamoja, na hapo ataona kwa macho maana ya kukopa kumi.

*Duka.* Tumieni pakiti tupu na fedha za karatasi. Aliye hatua ya mwanzo anunue kitu kimoja kwa fedha kamili. Aliyeendelea auze vitu viwili na kurudisha chenji.

Vishikwambi vinasaidia?

Vinasaidia, kwa kiasi chake. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribu programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu katika vijiji takriban 170 vya Mkoa wa Tanga. Watoto wapatao 2,700, wengi wao wakiwa hawajawahi kwenda shule, walipewa vishikwambi, na vituo vya umeme wa jua vilijengwa vya kuvichaji. Mwanzoni, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu.

Programu nzuri hupandisha mtoto ngazi anapopatia, na humrudisha nyuma anapokosea. Hata hivyo, watoto wengi bado hawakuweza kusoma baada ya majaribio hayo. Penye kishikwambi, mtu mzima bado anahitajika wa kuuliza, kusikiliza na kusahihisha. Pasipo nacho, kadi na vizibo vinafanya kazi ile ile ya kumpa mtoto zoezi la ngazi yake.

Mambo ya kuepuka

- Usiyaite makundi "werevu" na "wajinga". Yape majina ya matunda au wanyama.
- Usimwache mtoto kundi moja muhula mzima. Mpime tena kila baada ya wiki chache.
- Usiruhusu mwepesi awajibie wenzake. Kila mmoja apate zamu.
- Usichague mchezo kwa sababu unapendeza. Jiulize kwanza: unamfundisha nini mtoto huyu?

Nyumbani

Mzazi, dakika kumi na tano kwa siku zinatosha. Muulize mwalimu mtoto wako yuko ngazi gani, kisha chagua mchezo mmoja wa ngazi hiyo. Kama hujui kusoma, mchezo wa vizibo hauhitaji maandishi, na kaka au dada mkubwa anaweza kusimamia kadi. Mtoto akishinda mara tatu mfululizo bila msaada, mpandishe ngazi. Akishindwa mara tatu, mshushe moja bila kumkaripia, na umjulishe mwalimu.