Malisho Yarudi Kuwa Msitu: Mbinu za Mwenye Shamba Kesses

Una ekari mbili tatu za malisho huku Kesses na unataka msitu wa asili urudi. Usikimbilie kitalu. Waulize wazee kwanza: hapa palikuwa na msitu kweli?

Sehemu kubwa ya uwanda huu wa Uasin Gishu ni nyasi tangu jadi, na ina wenyewe. Kuna ndege mdogo wa kifua cha manjano, Macronyx sharpei, anayeishi kwenye nyasi za nyanda za juu za Kenya tu, na yuko hatarini kutoweka. Ukimpandia miti, umemhamisha. Kinamasi nacho kiachie korongo taji. Panda mahali msitu ulipofyekwa, kama vile upande wa Timboroa.

Kisha fensi. Ng'ombe wa jirani akiingia jioni moja, kazi ya msimu mzima imekwenda. Seng'enge ikikushinda bei, anza na ua wa kayaba, lakini chunga mpaka ifunge.

Mvua ya kwanza usipande kitu. Tembea humo ukitafuta miche iliyojiotea. Miti ya tebeswet na silibwet hupenda kutangulia. Kila utakapouona mche, chomeka kijiti kando yake ili mwenye panga asiufyeke. Hiyo ni miti ya bure, na imeshaizoea ardhi yako. Mti mkongwe ulio katikati ya shamba usiukate: ndege hutua juu yake na kudondosha mbegu.

Baada ya ng'ombe, adui mkubwa ni nyasi ya kikuyu. Inaunyima mche maji na kuusonga. Palilia duara la upana wa mita moja kuzunguka kila mche, mara kwa mara, kwa miaka miwili au mitatu. Nyasi uliyoing'oa ianike juani kwanza, ndipo uitandaze kwenye duara. Ukiitandaza mbichi, inashika mizizi tena. Wengi hushindwa hapa, si kwenye kupanda.

Mwaka wa pili, jaza mapengo. Chimba mashimo Machi, panda mvua ikishalowesha udongo hadi chini. Ukiacha mita tatu kati ya miche, ekari moja itachukua takriban 450, ukihesabu na iliyojiotea. Usipange mistari kama mahindi. Panda kwa vichaka. Mtarakwa na emitiot huvumilia jua. Podo na tendwet ziweke karibu na tebeswet zilizokwisha kutoa kivuli. Mbegu za podo zisie zikiwa mbichi, kwani hazikai ghalani.

Unahitaji kuni? Bluegum na saiprasi zitengee kona yazo, mbali na chemchemi.

Sasa malipo ya kaboni, maana najua ndiyo yaliyokuleta. Ekari mbili peke yake hazilipi gharama za ukaguzi. Jiungeni majirani. Mpango wa kaboni wa TIST, ulioanzia Tanzania mwaka 1999, huwaweka wakulima katika vikundi vidogo vya watu 6 hadi 12. Piga picha za shamba kabla ya kupanda, zenye tarehe. Na usikate msitu uliopo ili upande upya: kanuni za Verra, shirika la viwango vya kaboni, hukataa ardhi iliyofyekwa mimea yake ya asili ndani ya miaka 10 kwa ajili ya mradi.

Malipo huchelewa miaka, kwa hiyo karo isitegemee kaboni. Wakati ukisubiri, weka mizinga ya nyuki. Na broka akikuletea mkataba wa kaboni wa miaka 30, usitie sahihi siku hiyo. Mpelekee wakili wako kwanza.