Lugha ya Kisakinishi: Ngeli, Kauli na Nyakati katika Programu ya Barua Pepe

Katika makala haya ninachunguza lugha ya kisakinishi, yaani programu ndogo inayoweka programu nyingine kwenye kompyuta. Mfano wangu ni Roundcube, programu huria ya kusomea barua pepe katika kivinjari, iliyoanzishwa na Thomas Brüderli mwaka 2005. Hoja yangu ni kwamba kisakinishi hakiwi nyumbufu ikiwa sentensi zake hazinyumbuki.

Kisakinishi cha Roundcube kina hatua 3. Kwanza hukagua mazingira: toleo la PHP, viendelezi vyake, na hifadhidata kama MySQL, PostgreSQL au SQLite. Pili huuliza maswali na kutunga faili ya mipangilio. Tatu huijaribu mipangilio hiyo: je, folda zinaandikika? Je, seva za barua zinaitika?

Tuchukulie mwalimu wa Kingi, eneo la Masisi, anayetaka kuwawekea wenzake barua pepe. Darasani hutumia Kifaransa, sokoni Kiswahili. Kisakinishi humjibu kwa Kiingereza. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha 4 za taifa, kwa hiyo tafsiri inafaa. Lakini itafsiriweje?

Kwanza, ngeli. Watunzi wa programu hupenda kiolezo kimoja chenye pengo: «… haipo». Tukijaza «folda», sentensi ni sahihi. Tukijaza «kiendelezi», tunapata «kiendelezi haipo». Mtu anaweza kusema kwamba katika mazungumzo ya Kivu upatanisho hulegea, na mwalimu ataelewa. Ni kweli, ila maandishi yaliyovurugika hupunguza imani ya msomaji wakati uleule anapoombwa kuandika neno lake la siri. Dawa ni kuandika kila ujumbe kama sentensi kamili, au kulipa kila neno alama ya ngeli yake.

Pili, kauli. «Umeshindwa kuandika» humlaumu mtu. «Folda haiandikiki» huonyesha mahali penye kasoro. Kiambishi -ik- kinafanya kazi ambayo lugha nyingine huhitaji maneno mengi kuifanya. Kikifuatwa na agizo, «Ipe folda ruhusa, kisha endelea», mwalimu anajua la kufanya.

Tatu, nyakati. Tuseme umeme umekatika katikati ya kazi. «Hatua ya 2 haikukamilika» hufunga mlango. «Hatua ya 2 haijakamilika» huuacha wazi, kwa kuwa -ja- hubeba matarajio. Kwa mtu anayenunua mafuta ya jenereta, tofauti hiyo ya silabi moja inaweza kuamua kama ataendelea au ataacha. Bila shaka, kisakinishi kiwe kweli kimehifadhi hatua ya 1, la sivyo sarufi itakuwa inadanganya.

Mwisho, agizo. Kazi ikiisha, kisakinishi sharti kiondolewe au kizimwe, maana kikiachwa wazi mgeni anaweza kuiona mipangilio. Hapa kauli ya kutendwa haifai: «inapendekezwa kiondolewe» haisemi ni nani wa kuondoa. Ningeandika: «Ondoa kisakinishi sasa, kabla hujamwalika mtu yeyote kuingia.»

Ninawaalika wanafunzi wenzangu wachukue ujumbe 10 wa programu yoyote huria na kuupima kwa vigezo hivi. Watunzi wa programu wanajua kompyuta; ngeli ni fani yetu.