Somo la Mwezi: Uliza Kwanza Kabla ya Kukasirika

Mawasiliano ya mfanyabiashara na kiongozi Mkristo
Mafungu ya kusoma: Yoshua 22:9-34; Matendo 6:1-7



Somo letu ni mawasiliano. Wengi tukisikia neno hilo tunadhani ni kujua kuongea vizuri mbele ya watu. Lakini mara nyingi ugomvi hautoki kwa ulimi mbaya. Watu wawili wanatumia neno moja, kila mmoja ana maana yake, na hakuna anayemwuliza mwenzake.

Fungueni Yoshua 22. Wana wa Reubeni, Gadi na nusu ya kabila la Manase walijenga madhabahu kubwa karibu na mto Yordani, mpakani mwa ndugu zao. Makabila mengine walipopata habari walikusanyika Shilo tayari kwa vita, maana walidhani ndugu zao wamemwasi Bwana. Lakini kabla ya kupigana walimtuma Finehasi, mwana wa kuhani Eleazari, pamoja na wakuu kumi, wakawaambie shtaka lao na kusikia jibu. Jibu lilikuwa kwamba madhabahu ile si ya sadaka. Ni ushahidi kwa watoto wao kwamba nao ni watu wa Bwana. Vita ikaisha kabla ya kuanza.

Sisi tunajua mambo ya mpaka. Wengi wetu tuliingia Uganda mapema mwaka 2008 kwa njia ya Busia na Malaba, baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Tulipokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye tukahamishiwa Kiryandongo. Wengine walirudi Kenya, wengine wakabaki. Hadi leo mahindi na maharage ya wakulima wetu yanapita njia ile ile kwenda sokoni. Basi tuone mambo manne.

1. Taja kipimo na pesa kabla ya kupeana mkono

Ndugu wawili waliletwa mbele ya wazee wa kanisa kwa sababu ya magunia kumi ya mahindi. Mmoja alimwita mwenzake mwizi mbele ya watu, na wake zao walikuwa hawasalimiani tena. Mzee mmoja akawauliza swali moja: gunia lako lina kilo ngapi? Mwuzaji alihesabu kilo 90, kama ilivyozoeleka Kenya. Mnunuzi alihesabu kilo 100, kama wengi wanavyofanya Uganda. Katika magunia kumi tofauti ni kilo 100, yaani gunia zima. Hakuna aliyeiba wala aliyesema uongo. Walikosa tu kuulizana siku ya kwanza.

Pesa ni vivyo hivyo. Ukisema "shilingi mia tano" pale Busia, ni ya Kenya au ya Uganda? Shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya shilingi 20 za Uganda. Taja nchi, taja kilo, andika kwenye karatasi, kisha mwambie mwenzako arudie alivyoelewa. Kumwandikia ndugu si kumdharau. Ni kuulinda undugu wenu.

2. Jua neno lako linasikikaje kwa mwingine

Kwetu Kiswahili ni lugha ya soko na kanisa. Uganda kwa miaka mingi kilijulikana kama lugha ya jeshi na polisi. Wazee wanaokumbuka utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, wanaweza kusikia amri mahali ambapo wewe unaomba tu. Mambo yanabadilika, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi. Hata hivyo mwambie mtu "tafadhali" na "samahani". Jifunze kuanza na "ssebo" kwa mwanamume na "nnyabo" kwa mama anayeongea Kiganda, na "yoga" kwa Mteso. Ni maneno madogo, lakini yanamwonyesha mwenyeji kwamba unamheshimu.

3. Tafuta habari kwa mwenyewe

Mwezi Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Malori yakakwama mpakani. Baada ya siku chache yaliruhusiwa tena kwa masharti, kama waagizaji kusajiliwa na mzigo kuwa na cheti. Siku kama hizo madalali wana maneno mengi, na mtu mwenye hofu huuza kwa hasara. Tangu Februari 2018, kituo cha pamoja cha Busia kilipofunguliwa rasmi, maofisa wa nchi zote mbili wanahudumu mahali pamoja. Nenda ukamwulize ofisa mwenyewe. Mfanyabiashara mdogo aulize pia juu ya utaratibu rahisi wa Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000.

4. Kiongozi asikie manung'uniko mapema

Katika Matendo 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Lugha tofauti, chakula kidogo, manung'uniko: haya tunayafahamu. Mitume hawakusema, "Nyamazeni." Waliita mkutano wote, wakataja shida wazi, na watu wakachagua saba wa kuisimamia.

Viongozi wa kamati na wa vikundi vya akiba, mkipata habari ya mgao kupungua au pesa kuchelewa, waambieni watu siku hiyo hiyo, hata kama habari si nzuri. Mkinyamaza, uvumi utasema badala yenu. Tunakumbuka jinsi ujumbe wa simu wa chuki ulivyozunguka Kenya wakati wa ghasia za 2007 na 2008, na jinsi jirani alivyomwogopa jirani. Watu zaidi ya 1,100 walikufa. Kwa hiyo ujumbe ukikujia unaolaumu kabila fulani hapa kambini, usiupeleke mbele. Mwendee mtu anayetajwa ukamwulize, kama Finehasi alivyovuka kwenda kuuliza.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kuna mtu uliyemkasirikia bila kumwuliza? Utamwendea lini?
2. Katika biashara yako, ni neno gani watu wanaelewa kwa njia mbili?
3. Watoto wako wakisikia uvumi, wanajua wamwulize nani?

Bwana atupe masikio ya kusikia kabla ya kujibu. Mungu awabariki.