Baiskeli ya gia kwenye milima ya Nyamwaga: hela ya kwanza iende chini

Wakati wa masika, njia ya kutoka Nyamwaga kushuka upande wa Nyamongo huwa na sura mbili. Katikati imeshindiliwa na malori mpaka imekuwa ngumu kama sakafu. Pembeni ni udongo mwekundu uliolowa, unaojaa kwenye meno ya tairi mpaka tairi linabaki laini kama kipara. Simama hapo asubuhi uwatazame vijana wanaoshuka na baiskeli za gia. Wengi wameng'ang'ania breki kwa vidole vinne, mikono imekakamaa, makalio yamegandamana na siti, na baiskeli bado inateleza kwenda inakotaka yenyewe.

Baiskeli yenyewe unaijua: shokapu mbele, nyuma fremu tupu isiyocheza, gia 21, yaani sproketi tatu mbele na saba nyuma. Nyingine hununuliwa mpya kwa bei ya chini, nyingine ni mtumba. Ni chombo kizuri kwa nchi yetu hii ya vilima, kuliko wengi wanavyodhani. Kosa huja baadaye, pale mwenye baiskeli anapopata hela kidogo ya kuiboresha. Anaulizia shokapu kubwa zaidi, kwa sababu shokapu ndiyo inayoonekana. Mimi nasema hela ya kwanza iende pale baiskeli inapogusa ardhi, na pale inapokugusa wewe. Shokapu ije mwisho kabisa, na huenda usiihitaji.

Kabla ya kununua chochote, ifahamu uliyonayo. Mafundi wetu wengi wamekulia kwenye baiskeli ya Phoenix: tairi la 28 kwa inchi moja na nusu, spoku 32 mbele na 40 nyuma, fremu ya chuma. Baiskeli ya gia haiazimi karibu kitu chochote kutoka kwenye Phoenix. Ubavuni mwa tairi kuna namba iliyoandikwa kwa mtindo wa 54-559. Namba ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu, kwa milimita, na hiyo ndiyo ya kwenda nayo dukani. Baiskeli ya inchi 26 ni 559, ya 27.5 ni 584, ya 29 ni 622. Phoenix ni 635. Mnyororo nao ni vivyo hivyo: ule mpana wa Phoenix hauingii katikati ya sproketi saba zilizobanana. Ukiambiwa "utaingia tu," usikubali.

Chukua pia sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa, uiguse kwenye fremu. Ikinasa, fremu ni ya chuma, na siku ikipasuka fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuiokoa. Isiponasa, ni aluminiamu. Hiyo usiipeleke kwenye karakana ya kuchomelea mageti. Moto huiondolea aluminiamu ugumu wake, na kiungo kilichochomelewa kienyeji kinaweza kuachia ghafla ukiwa kwenye mtelemko.

Marekebisho ya kwanza hayana gharama. Ni siti. Vijana wengi huiweka chini sana, wakipiga pedali magoti yanapanda hadi karibu na kifua, na kilima kifupi kinawamaliza. Egemea ukuta, kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke sawasawa bila kiuno kuinama upande. Ukihamisha mguu ili ukanyage kwa sehemu pana ya mbele ya wayo, goti litabaki na mkunjo mdogo, na huo ndio unaotoa nguvu. Usivuke tu ule mstari uliochongwa kwenye bomba la siti. Ukiuona mstari umetoka nje ya fremu, bomba limebaki fupi ndani na linaweza kuipasua fremu. Kwenye mteremko mkali, shusha siti vidole vinne kabla ya kuanza.

Sasa tairi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo pesa ndogo hufanya kazi kubwa. Tairi zinazokuja na baiskeli za bei ya chini mara nyingi ni za raba ngumu. Zinadumu, lakini kwenye changarawe na jiwe lililolowa hazishiki. Ukipata jozi yenye upana wa inchi 2.1 au zaidi, yenye meno yaliyoachana ili udongo uweze kudondoka, baiskeli itakuwa nyingine. Angalia tu kama fremu ina nafasi: kati ya tairi na fremu ipite angalau ncha ya kidole kila upande, la sivyo matope yatakuja kuziba.

Halafu upepo. Kwenye kompresa ya pikipiki tairi la baiskeli hujazwa mpaka linalia kama ngoma, na mwenye baiskeli anafurahi. Tairi gumu namna hiyo linarukaruka juu ya mawe badala ya kuyakumbatia, na kila mrukio ni nukta ambayo huna breki wala usukani. Kwa mtu wa kilo 70 kwenye tairi la inchi 2.1 lenye tyubu, kipimo cha 30 hadi 40 kwenye geji ya psi kinatosha, nyuma kizidi mbele kidogo. Huna geji? Bonyeza tairi kwa dole gumba kwa nguvu. Libonyee kidogo. Kisha panda, umwombe mwenzako atazame: tairi la nyuma litanuke kidogo linapogusa ardhi, lakini rimu isikaribie jiwe. Ukilegeza kupita kiasi, jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Ukiyaona hayo, mwiba hauna hatia. Ongeza upepo.

Kwa miiba ya migunga, hasa ukishavuka Mto Mara kwenda Serengeti, dawa ya zamani bado inafaa: pasua tyubu kuukuu kwa urefu, ondoa valvu, itandike ndani ya tairi chini ya tyubu nzima. Inaongeza uzito kidogo, lakini inakuepusha na pancha nyingi.

Wanaotilia shaka habari hii ya tairi watazame ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Tangu 2021 kuna mashindano ya Migration Gravel Race huko Maasai Mara, siku nne, kilomita zipatazo 650 za vumbi na mawe. Washindani wengi huyaendesha kwa baiskeli zisizo na shokapu hata moja. Kinachowabeba ni tairi pana lenye upepo wa kiasi, pamoja na magoti na viwiko vyao.

Breki ni jambo la uhai. Kwanza jua breki ya mbele iko mkono gani. Baiskeli za mtumba za Japani kwa kawaida huwa na breki ya mbele mkono wa kulia, nyingine nyingi ni kushoto. Jaribu uwanjani, taratibu, kabla ya kilima chochote. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha. Ya nyuma peke yake kwenye mtelemko wa changarawe hufunga gurudumu na kuliacha liteleze. Tumia zote mbili, kidole kimoja au viwili kila upande, vidole vingine vishike usukani. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, ndani ya kona achia.

Kama breki zako ni za raba zinazobana rimu, futa rimu kwa kitambaa kila mara baada ya matope. Udongo wetu una mchanga ndani yake, unaila rimu kama msasa, na maji kwenye rimu huchelewesha breki. Kama ni za diski, kaa mbali na mafuta. Tone moja la oili ya mnyororo kwenye diski linaweza kuharibu pedi kabisa. Ukiona kishikio cha breki kinakaribia kugusa usukani, kaza waya, na kama breki ya diski ina kirungu cha kusogeza pedi, sogeza. Pedi mpya na waya mpya ni miongoni mwa matengenezo ya bei ndogo ninayoyataja hapa, na ndiyo ningeyafanya hata kabla ya tairi kama pedi za zamani zimekwisha.

Namna ya kushuka: simama juu ya pedali, miguu iwe sawa mbele na nyuma, hakuna mguu ulio chini. Magoti na viwiko vikunjike. Uzito ukae miguuni, mikono ibaki myepesi. Macho yatazame mita kumi au kumi na tano mbele, pale unapotaka kupita. Ukilikodolea jiwe, utaligonga. Nyuma ya baiskeli hii hakuna shokapu. Magoti yako ndiyo shokapu ya nyuma, nayo haifanyi kazi umekaa.

Kupanda ni habari ya gia. Badilisha kwenda nyepesi kabla mlima haujakukaba, huku ukipunguza nguvu ya mguu kwa nusu mzunguko. Ukisubiri mpaka baiskeli imekaribia kusimama ndipo ubonyeze, mnyororo utalia "kaa!" na siku moja utakatika. Usiendeshe ukiwa na sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa pamoja. Mnyororo unapinda na kuvutika kupita kiasi. Na kama vilima bado vinakushinda, badilisha friwili: friwili nyingi za bei ya chini zina sproketi kubwa ya meno 28, lakini zipo za sproketi saba zenye kubwa ya meno 34. Mnyororo wa zamani unaweza kuwa mfupi kwa friwili hiyo mpya, basi upime ukiwa umeuzungusha kwenye sproketi kubwa zote mbili kabla ya kuendesha.

Mnyororo upime kwa rula ya shule. Kutoka katikati ya pini moja, hesabu vipande 20. Mpya husoma sentimita 25.4. Ukigusa 25.6, nunua mwingine. Ukiuacha ufike 25.7, utakuwa umeshakula meno ya sproketi, na utanunua vyote kwa pamoja. Usafishe kwa mafuta ya taa na mswaki, ukauke, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila kiungo, ufute yanayobaki nje. Oili chafu ya pikipiki hugeuka ugoro mweusi wa vumbi ndani ya siku mbili.

Mambo mawili ambayo yamewagharimu watu wengi, nami nikiwamo. Pedali ya kushoto hufungwa kinyume: kuifunga unazungusha kinyume cha mshale wa saa. Krenki yangu ya kwanza iliharibika kwa sababu hiyo, nilikaza kwa nguvu zangu zote upande usio wake mpaka nyuzi zikang'oka, vumbi la aluminiamu likamwagika kiganjani. Tazama pedali: imeandikwa L au R. La pili ni ekseli ya nyuma. Kwenye baiskeli hizi zenye friwili ya kufungwa kwa nyuzi, gololi za upande wa gia zimekaa ndani sana, kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli kinaning'inia bila egemeo. Madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40, ukijumlisha na wewe mwenyewe na shimo moja barabarani, ekseli inapinda au kukatika. Maji yabebwe na Phoenix, ndiyo kazi iliyoundiwa. Ukishuku ekseli imepinda, itoe na uiviringishe juu ya kioo au meza, ikidundadunda, imekwisha.

Shokapu nimeiahirisha makusudi. Zile za bei ya chini ni springi ya chuma, nzito, na mara nyingi zinakufa kwa kutu na udongo. Futa yale mabomba mawili yanayong'aa baada ya kila safari na itaishi zaidi. Ikishakufa, foku ngumu ya chuma yenye urefu unaolingana na ile shokapu ni chaguo la busara: nyepesi, haina cha kuharibika. Ukitaka shokapu mpya, isiwe ndefu kuliko ya zamani. Ndefu huinua mbele, usukani unalegalega kwenye mwinuko, na shingo ya fremu inabeba mzigo ambao haikupimiwa.

Kuhusu njia: kwenye barabara kuu kaa kushoto, na vumbi la lori likikufunika simama kando mpaka utakapoona tena. Upande wa Serengeti usitoke kabla jua halijachomoza wala usirudi baada ya kuzama, tembo huingia mashambani usiku. Kwenye Mto Mara vuka darajani tu. Kuna viboko na mamba. Na ukumbuke kwamba kurudi kutoka mtoni ni kupanda, hivyo geuza ukiwa bado na nusu ya nguvu na nusu ya maji.

Mvua ikikukuta njiani, matope yakaanza kuziba kati ya tairi na fremu, usikazane kupiga pedali. Mnyororo uliojaa udongo utauvuta mkono wa gia mpaka uingie kwenye spoku, na lile sikio dogo linaloushikilia kwenye fremu litavunjika. Shuka, chokonoa kwa kijiti, sukuma kwa miguu ukipita majanini mpaka ufike penye changarawe.